Maonyesho ya Roki ya Mwaka 1970: Kumbi Zilivyovishinda Viwanja

Wapenzi wa roki wakibishana kuhusu mwaka uliokuwa na maonyesho bora kuliko yote, wengi huishia kwenye 1969 kwa sababu ya tamasha la Woodstock, na wengine kwenye 1985 kwa sababu ya tamasha la Live Aid. Chaguo langu ni 1970, na nalitetea kwa rekodi zilizobaki, yaani santuri, diski na filamu ambazo mtu anaweza kuzinunua au kuzisikiliza mtandaoni hadi leo na kuzipima mwenyewe, bila kutegemea simulizi za waliokuwapo. Ndani ya mwaka huo mmoja mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga onyesho lake kubwa kuliko yote na pia akafariki, The Who walirekodi santuri ambayo bendi nyingine zimekuwa zikipimwa nayo tangu wakati huo, na Led Zeppelin walionekana wakiwa bado vijana wenye njaa ya kujithibitisha.

Nimejiwekea sharti moja, kwamba muziki wenyewe uwe ulipigwa mbele ya watu mwaka 1970, haidhuru santuri ilitoka lini. Kwa sharti hilo, rekodi mashuhuri ya Rolling Stones kutoka Madison Square Garden inabaki nje ya uhakiki huu, kwa kuwa iliingia madukani Septemba 1970 lakini ilirekodiwa Novemba 1969. Kwa sharti hilohilo zimo humu rekodi zilizokaa kabatini miaka thelathini au hamsini kabla ya kutolewa.

Mwaka ule ulikuwa wa viwanja. Filamu ya Woodstock ilitoka Machi 1970, na waandaaji wa Marekani na Ulaya wakawania kuikodi kila konde la mkulima aliyekubali kupokea malaki ya watu. Hata hivyo, nikizisikiliza rekodi za mwaka huo kwa kufuatana, karibu zote ninazotamani kuzirudia zilitoka ndani ya kumbi zenye kuta na paa, nyingi zikiwa za watu wasiofika elfu tatu. Sababu yake naiona kuwa ya kiufundi zaidi kuliko ya kimapenzi. Spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake jukwaani zilikuwa bado changa, hivyo mwimbaji wa uwanjani alikuwa akiimba gizani, akibahatisha kama yuko kwenye ufunguo sahihi. Ukumbini kuta zilimrudishia alichokipiga, naye akajibu. Isitoshe, watazamaji wa ukumbini walikuwa wamelipa kumwona mtu huyo na si mwingine, ilhali wa uwanjani walikuwa na njaa, usingizi na bendi nyingine kumi za kusubiri.

Naanza na The Who katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, tarehe 14 Februari 1970. Mahali penyewe palikuwa bwalo la chakula la wanafunzi, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Bendi ilikuwa imetoka katika ziara ndefu ya kupiga kazi yao ndefu ya Tommy, na mpiga gitaa wao Pete Townshend, badala ya kusikiliza rundo la mikanda iliyorekodiwa safarini, aliona ni rahisi zaidi kuandaa maonyesho mawili mapya kwa ajili ya kurekodi, moja Leeds na la pili Hull usiku uliofuata. Ya Hull yaliwekwa kando kwa sababu gitaa la besi halikunaswa kwenye nyimbo za mwanzo. Hivyo Leeds ikapata heshima hiyo kwa ajali ya waya.

Wanaume watatu wanapiga ala na mmoja anaimba, basi, lakini sauti inayotoka inajaza chumba kuliko bendi za watu kumi. Siri iko kwa John Entwistle, ambaye besi yake haikubali kukaa nyuma kama besi zinavyotarajiwa. Inakimbia, inang'ata, inachukua nafasi ya solo wakati Townshend anapopiga mikong'oto mizito ya nyuzi zote kwa pamoja. Katika mpangilio wa sauti, besi iko upande mmoja na gitaa upande mwingine, kiasi kwamba ukitumia vipokea sauti vya masikioni unaweza kumfuatilia kila mmoja peke yake, kisha ukahamia katikati kumsikiliza Keith Moon, ambaye hapigi ngoma ili kushika mwendo bali anajibizana na kila neno analolitamka Roger Daltrey. Kwa kawaida mpiga ngoma wa namna hiyo huivuruga bendi. Hapa ndiye anayeifanya isisinzie.

Wimbo wa “My Generation”, ambao kwenye santuri ndogo ya 1965 ulikuwa wa dakika tatu na kidogo, unafika karibu dakika 15. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi hatashangazwa na hilo, kwani wimbo uliorekodiwa Redio Tanzania kwa dakika chache ulipofika ukumbini ulimaliza beti zake ukaingia chemko, na chemko lilikuwa halina saa. Lakini The Who wanafanya jambo la ziada: katikati ya urefu huo wanaingiza vipande vya Tommy, wanashusha sauti hadi gitaa linabaki linajisemea peke yake na mwangwi wa ukuta wa bwalo unalijibu, kisha wanaulipua tena. Ni mojawapo ya sehemu chache katika roki ambapo jengo lenyewe linasikika kama mwanabendi.

Santuri ya kwanza, iliyotoka Mei 1970, ilikuwa na nyimbo sita tu, nusu yake zikiwa za watu wengine, na kasha lake lilikuwa la karatasi ya kahawia lililogongwa kitu kama muhuri, kwa kuzitania santuri za magendo zilizokuwa zikiuzwa kwa siri wakati huo. Kwenye lebo kuliandikwa kwamba milio ya kukwaruza inayosikika si hitilafu na haihitaji kurekebishwa. Mnunuzi wa leo anakutana na matoleo mengi. La 1995 lina nyimbo 14 na limesafishwa vizuri. La 2001 lina diski mbili na Tommy yote. La 2010 linaongeza onyesho la Hull, ambalo nyimbo zake za mwanzo zimeazimwa besi kutoka Leeds. Ninalolipendekeza ni la 1995 kwa asiyeijua bendi, na la 2001 kwa anayeijua. Hull ni nzuri, na kuna wanaoapa kwamba ni bora zaidi, lakini kwangu inakosa ule ukali wa chumba. Ni haki pia kumwambia msomaji kwamba baadhi ya sauti za kuitikia hazikunaswa vizuri Leeds na zilirekodiwa upya studio; hilo halinisumbui, kwa kuwa uzito wa onyesho haukuwahi kuwa kwenye waitikiaji.

Wa pili kwangu, na siku nyingine wa kwanza, ni Hendrix katika Fillmore East. Ukumbi huu wa New York, uliokuwa Second Avenue, ulifunguliwa na mwandaaji wa maonyesho Bill Graham Machi 1968 na ukafungwa Juni 1971. Kwa maisha mafupi hivyo umeacha rekodi nyingi kuliko kumbi zilizodumu karne. Ulikuwa na viti vya watu wapatao 2,600, mitambo ya sauti iliyofungwa na Bill Hanley, yule yule aliyeshughulikia sauti ya Woodstock, na utaratibu wa bendi kupiga maonyesho mawili kwa usiku mmoja. Utaratibu huo wa mara mbili nauona kuwa na faida kubwa kwa muziki, kwa sababu bendi iliyokosea saa mbili usiku ilipata nafasi ya kujisahihisha kabla ya alfajiri.

Hendrix alipiga huko mara nne, usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 na wa tarehe 1 Januari 1970, akiwa na Billy Cox kwenye besi na Buddy Miles kwenye ngoma. Nyimbo sita za santuri ya Band of Gypsys, iliyotoka Machi 1970, zote zinatokana na usiku wa Januari. Santuri yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya kesi: Hendrix alikuwa amesaini mkataba mbaya mwaka 1965 kabla hajawa maarufu, na suluhu ilidai atoe santuri moja kulipa deni hilo. Mtu angetarajia kazi ya kulipa deni iwe ya kulipua. “Machine Gun”, yenye zaidi ya dakika 12, inakanusha matarajio hayo yote.

Kabla ya kuanza, Hendrix anautoa wimbo kwa askari wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York, kisha, kama aliyekumbuka baadaye, kwa askari wanaopigana Vietnam. Maneno hayo yana uzito kwa mtu anayejua kwamba Hendrix na Cox walifahamiana jeshini, katika kambi ya Fort Campbell, na kwamba Hendrix mwenyewe alikuwa askari wa miavuli. Miles anapiga ngoma ya pembeni kwa mfululizo wa mapigo mafupi kama risasi, Cox anashika mstari mmoja wa besi bila kuubadilisha, na juu ya msingi huo mgumu Hendrix anapiga noti moja ndefu, anaivuta, anaipinda, anaiacha ilie hadi inageuka kuwa king'ora, kisha sauti ya mtu. Nimesikia wapiga gitaa wengi wakijaribu kuiga kipande hicho kwa vifaa vilivyo bora mara kumi. Wanapata kelele zake, ila subira yake inawaponyoka. Hendrix haharakishi, na kwa kuwa wenzake wawili hawaondoki mahali pao, kila anapoondoka yeye tunajua ameondoka kwenda umbali gani.

Upande wa pili wa santuri siusifii vivyo hivyo. Miles alikuwa mpiga ngoma imara mwenye sauti nzuri ya kuimba, lakini alipenda mno kuwashirikisha watazamaji, na nyimbo zake mbili zingefaidika kwa kupunguzwa. Mwaka 2019 maonyesho yote manne yalitolewa pamoja katika diski tano, na hapo ndipo faida ya utaratibu wa Fillmore inapoonekana. Katika onyesho la kwanza la Desemba bendi inatafutana. Katika la kwanza la Januari imejipata. Asiye na muda wa diski tano aichukue santuri ya awali, aanze na upande wa kwanza, na asijilaumu akiishia hapo.

Ukumbi huohuo, tarehe 6 na 7 Machi, uliwapokea Neil Young na bendi yake ya Crazy Horse. Rekodi hii ilitolewa mwaka 2006 tu, na ni fupi, ya dakika zisizofika 45, kwa kuwa sehemu ambayo Young alipiga peke yake kwa gitaa kavu imeachwa nje. Kilichobaki kinatosha. Young na Danny Whitten wanapiga magitaa yao bila kugawana kazi ya solo na rizimu kwa mpaka mkali. Mmoja anauliza kwa noti mbili tatu, mwingine anamjibu kwa mkwaruzo, na katika nyimbo mbili ndefu mazungumzo hayo yanapita dakika kumi bila yeyote kujionyesha. Ufundi wa vidole si mkubwa. Mpiga gitaa yeyote wa kawaida anaweza kuzijifunza noti hizo kwa wiki moja. Kinachoshikilia wimbo ni Ralph Molina kwenye ngoma na Billy Talbot kwenye besi, ambao wanapiga polepole kidogo kuliko sikio linavyotaka, na uzito huo unawafanya wapiga magitaa wasiweze kukimbia hata wangetaka. Whitten alifariki mwaka 1972, na rekodi hii ndiyo ushahidi mzuri zaidi wa alichokuwa nacho.

Siku hizo mbili aliyekuwa akitangulia jukwaani ni mpiga tarumbeta Miles Davis, na sehemu yake ya tarehe 7 Machi nayo ilitolewa mwaka 2001. Yeye ni wa jazi, lakini onyesho lile ni kali kuliko bendi nyingi za roki za mwaka huo. Nitamrudia kidogo hapo mbele.

London ilikuwa na Royal Albert Hall, ambayo ni kubwa zaidi, ya watu zaidi ya 5,000, na ambayo sauti yake ya mviringo imewatesa mafundi kwa miaka mingi. Led Zeppelin walipiga humo tarehe 9 Januari 1970, siku mpiga gitaa wao Jimmy Page alipotimiza miaka 26. Mwimbaji Robert Plant na mpiga ngoma John Bonham walikuwa na miaka 21 tu. Onyesho lilirekodiwa kwa kamera ndogo za filamu na likakaa bila kutolewa rasmi hadi DVD ya mwaka 2003. Ninalipenda kuliko filamu yao mashuhuri ya New York ya 1973, kwa sababu hapa hakuna mavazi ya madoido wala visa vya kuigiza. Kamera ziko karibu, mara nyingine karibu mno, na tunaona jasho, tunaona mpiga besi John Paul Jones akimtazama Bonham kabla ya kila mageuzi ya mdundo, tunaona Page akisugua nyuzi kwa upinde wa fidla na uso wake ukionyesha kwamba hata yeye hajui sauti itakayofuata. Bonham anapiga ngoma peke yake kwa muda mrefu, sehemu yake akiipiga kwa viganja, na hiyo ndiyo solo ya ngoma pekee ya mwaka 1970 ambayo siiruki.

Ukumbi huohuo uliwapata Creedence Clearwater Revival tarehe 14 Aprili, siku chache baada ya dunia kuambiwa kwamba Paul McCartney ameachana na The Beatles. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho. Mwaka 1980 kampuni ilitoa santuri iliyodai kuwa ni ya Royal Albert Hall, kumbe ilirekodiwa Oakland, California, Januari 1970, na jina likabidi libadilishwe. Ya kweli ilitoka Septemba 2022. Bendi inapiga karibu nyimbo zote kama zilivyo kwenye santuri, fupi, bila kuzirefusha, na kwa msikilizaji wa haraka hilo linaweza kuonekana kama upungufu. Lakini sauti ya John Fogerty ikiwa kwenye kilele chake, na kaka yake Tom akishika rizimu isiyoteleza hata mara moja, nidhamu hiyo inakuwa raha ya aina yake baada ya solo nyingi za wenzao.

Kuna rekodi mbili zinazosifiwa ambazo sitakaa nazo muda mrefu. Joe Cocker alikwenda Fillmore East mwezi Machi na kundi la watu zaidi ya ishirini chini ya uongozi wa Leon Russell. Sherehe inasikika, lakini mwimbaji mwenyewe anapotelea ndani ya umati wa waitikiaji. Nao Derek and the Dominos, bendi ya Eric Clapton, walipiga ukumbini humo Oktoba, wakiwa wanne tu na wenye uwezo wote, ila nyimbo zao zinarefushwa hata pale zisipokuwa na la kuongeza, na solo ya ngoma ndani ya “Let It Rain” inamtaka msikilizaji awe na subira ambayo mimi sina.

Sasa viwanja. Tamasha la kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, lilifanyika kuanzia tarehe 26 hadi 30 Agosti 1970, na wakadiriaji wametaja idadi inayofika watu 600,000 kwenye kisiwa chenye wakazi wapatao 100,000. Tikiti ya siku za mwisho wa juma ilikuwa pauni 3. Maelfu walikaa kwenye kilima kilicho juu ya uwanja wakitazama bila kulipa, wengine wakavunja uzio, na waandaaji wakalazimika kutangaza kwamba tamasha ni la bure. Bunge lilitunga sheria mwaka 1971 ya kuzuia mikusanyiko ya usiku ya watu zaidi ya 5,000 kisiwani humo bila kibali, na tamasha halikurudi hadi 2002. Murray Lerner aliyapiga filamu maonyesho hayo, na kwa sababu hiyo tunaweza kuyahukumu moja moja.

Hukumu yangu ni kali. Hendrix alipanda jukwaani usiku wa manane wa kuamkia tarehe 31 Agosti, amechoka, na sauti za redio za walinzi zikawa zinaingia kwenye amplifaya zake katikati ya nyimbo. Yapo mapigo ya kushangaza, na “Machine Gun” imerefushwa zaidi ya ile ya New York, lakini uilinganishe na ile ya Januari utasikia mtu anayetafuta kitu ambacho hewa ya wazi haimrudishii. Siku kumi na nane baadaye alikuwa amefariki, akiwa na miaka 27, na ninadhani huruma hiyo ndiyo inayowafanya wengi wasiseme wazi kwamba onyesho lile halikuwa zuri. The Doors walipiga kwenye giza la taa nyekundu, Jim Morrison akiwa amesimama karibu bila kusogea; sauti yake ni safi, ila bendi inasikika kama iko safarini kwenda nyumbani. Joni Mitchell alivamiwa na mtu aliyetaka maikrofoni, akawaomba watu kwa sauti ya kulia wamheshimu, na akawatuliza. Ushujaa huo naupa alama nyingi kuliko nyimbo zilizoufuata. Miles Davis alipiga dakika 38 bila kusimama, akiwa na Keith Jarrett na Chick Corea kwenye vinanda, mbele ya umati mkubwa kuliko wowote aliowahi kuupata, na bado ninamrudia yule wa Fillmore wa mwezi Machi, ambaye kila pigo lake lilimfikia mtu aliyekaa kwenye kiti.

Wapo waliouweza uwanja. The Who walianza kiasi cha saa nane usiku, Entwistle akiwa amevaa suti iliyochorwa mifupa, wakapiga Tommy kwa nguvu ambayo ingewatosha watu wa saa mbili usiku. Taste, bendi ya watu watatu kutoka Ireland iliyoongozwa na Rory Gallagher, waliitwa tena na tena jukwaani ingawa ndani yao walikuwa wameshaanza kuvunjika. Gitaa la Gallagher, lililobanduka rangi, linasikika likilia kwa amplifaya ndogo isiyo na madoido, na kwa mtu asiyemjua rekodi hii ni mlango mzuri wa kuingilia. Kisha kuna Leonard Cohen, aliyeamshwa akapanda jukwaani baada ya Hendrix, karibu na alfajiri. Huyu si wa roki, na wapo watakaoning'oa meno kwa kumweka hapa. Alizungumza na malaki ya watu kana kwamba wamekaa sebuleni kwake, akawaomba kila mmoja awashe kiberiti ili waweze kuonana, na akaimba polepole kuliko yeyote aliyemtangulia. Alifanikiwa kwa kuugeuza uwanja kuwa chumba. Rekodi ilitoka mwaka 2009 ikiwa na diski na filamu. Filamu ndiyo inayostahili fedha yako.

Kuna onyesho moja la mwaka huo ambalo ningependa kulihakiki lakini hakuna cha kusikiliza. Tarehe 27 Juni 1970, katika mji wa Truro, kusini-magharibi mwa Uingereza, bendi ya vijana watatu na mwimbaji wao aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946 ilipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mwimbaji huyo ni Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye kama Freddie Mercury, na bendi ni Queen. Mwisho wa juma huohuo, mashariki zaidi, Led Zeppelin na Pink Floyd walikuwa kwenye tamasha la Bath mbele ya halaiki. Truro ilikuwa ukumbi wa manispaa.

Zimebaki rekodi mbili za vyumba vidogo kabisa. Velvet Underground walipiga ghorofani kwenye mgahawa wa Max's Kansas City, New York, tarehe 23 Agosti, na usiku huo mwimbaji wao Lou Reed akaiacha bendi. Rafiki mmoja, Brigid Berlin, alikuwa na kinasa sauti cha kaseti mezani, na kaseti hiyo ikawa santuri mwaka 1972. Kwa ubora wa sauti ni duni kuliko zote nilizozitaja: chaneli moja, maongezi ya mezani, mtu akiagiza kinywaji wakati bendi inapumzika. Maureen Tucker, mpiga ngoma wa kawaida, hayumo kwa kuwa alikuwa mjamzito, na kijana aliyechukua nafasi yake anapiga kwa fujo zaidi kuliko nyimbo zinavyohitaji. Naipendekeza kwa wanaoijua bendi tayari, ambao watasikia Reed akiimba kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuamua. Wengine itawakera.

Ya mwisho ni ya Elton John, tarehe 17 Novemba, studio za A&R mjini New York, mbele ya wageni zaidi kidogo ya mia moja, ikirushwa moja kwa moja na redio ya WABC-FM. Yuko yeye kwenye piano, Dee Murray kwenye besi na Nigel Olsson kwenye ngoma. Gitaa hakuna. Anayemjua Elton wa miwani mikubwa na manyoya hatamtambua kijana huyu anayeitwanga piano kama ala ya midundo, huku Murray akijaza kwa besi yake mahali ambapo mpiga solo angesimama. Kipande cha mwisho kinapita dakika 18, kinaungana na nyimbo za zamani za watu wengine katikati, na hakilegei hata mara moja. Madukani ina jina la tarehe yenyewe, ambalo Wamarekani huliandika kwa kuanza na mwezi na Waingereza kwa kuanza na siku, kwa hiyo anayeitafuta ajaribu mipangilio yote miwili. Kwa aliyechoshwa na magitaa ya mwaka ule, aanze na hii, kisha ndipo aende Leeds.